Rasi ya Antaktiki: Jina Lililotangulia Ardhi

Tarehe 21 Februari 1832 nahodha Mwingereza John Biscoe, aliyekuwa akiitumikia kampuni ya Enderby ya London iliyojishughulisha na uwindaji wa nyangumi na sili, alishuka kwenye ufuko uliozingirwa na barafu akautwaa kwa jina la Mfalme William wa Nne. Aliamini kwamba amekanyaga bara. Mlima uliokuwa mbele yake akauita Mount William, na nchi yote aliyodhani inaendelea nyuma ya mlima huo ikaja kuitwa Graham Land, kwa heshima ya Sir James Graham, waziri aliyesimamia jeshi la majini la Uingereza wakati ule. Lakini pale aliposhuka hapakuwa bara, palikuwa kisiwa. Kisiwa hicho leo kinaitwa Anvers, jina la mkoa wa Ubelgiji lililoletwa na msafara wa Adrien de Gerlache mwaka 1898, na juu yake kimesimama kituo cha utafiti cha Marekani kiitwacho Palmer, jina la mwindaji wa sili ambaye Wamarekani wanashikilia kuwa aliiona nchi hiyo miaka kumi na mmoja kabla ya Biscoe. Mlima wa mfalme wa Uingereza, mkoa wa Ubelgiji na nahodha wa Marekani vimekutana katika kisiwa kimoja ambacho Chile na Ajentina, kila moja kwa upande wake, zinakihesabu kuwa chao.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kinabeba jambo zima ninalotaka kulijadili. Katika mkono mrefu wa barafu unaochomoza kutoka bara la Antaktiki kuelekea Amerika ya Kusini, jina limekuwa likitangulia ujuzi kwa karibu karne mbili. Watu waliita kwanza, wakadai, wakachora ramani, na baadaye sana ndipo walipokwenda kuangalia kama walichokiita ni bara, ni kisiwa au ni ukungu. Kwa maoni yangu, jina lililokubaliwa mwaka 1964, yaani Rasi ya Antaktiki, ambalo wengine huliona kavu na lisilo na ladha, ndilo jina la kwanza la nchi ile nzima lililotolewa bila tamaa ya kumiliki, na ukavu wake ndio ubora wake.

Tuitazame nchi yenyewe kwanza. Ramani ya Antaktiki inafanana na sinia la mviringo lililotokeza mpini upande mmoja, na mpini huo, wenye urefu wa kilomita 1,300 hivi, ndio rasi tunayoizungumzia. Ncha yake ya kaskazini, karibu na digrii 63 za latitudo ya kusini, ndiyo sehemu ya bara hilo iliyo mbali zaidi na Ncha ya Kusini ya dunia, na kutoka hapo hadi Tierra del Fuego, upande wa pili wa Mlango wa Drake wenye mawimbi yanayoogopwa na mabaharia wote, ni umbali wa takriban kilomita 1,000 tu. Katikati umepita uti wa mgongo wa milima ambayo wanajiolojia wanaihesabu kuwa ndugu wa Andes. Uti huo ndio unaozifanya pande mbili za rasi kuwa kama nchi mbili tofauti. Magharibi, kwenye Bahari ya Bellingshausen, pepo zenye unyevu hugonga milima na kumwaga theluji nyingi, na pwani imekatikakatika kuwa visiwa, ghuba na milango ya bahari ambayo meli hupita wakati wa kiangazi. Mashariki, kwenye Bahari ya Weddell, baridi ni kali kwa digrii kadhaa zaidi, na barafu ya baharini huweza kuganda na kubana meli isiweze kutoka. Meli ya msafara wa Mswidi Otto Nordenskjöld, iliyoitwa Antarctic, ilipondwa na barafu upande huo na kuzama Februari 1903.

Takriban asilimia 80 ya rasi imefunikwa na barafu. Palipobaki wazi huota aina mbili tu za mimea yenye maua, jamii moja ya nyasi na nyingine ya mmea mdogo unaojikunyata ardhini kama mto wa kulalia. Na bado hii ndiyo sehemu ya Antaktiki yenye hali ya hewa ya upole kuliko zote: tarehe 6 Februari 2020 kituo cha Esperanza, kilichopo kwenye ncha ya kaskazini, kilipima joto la digrii 18.3 za Selsiasi, kiwango ambacho Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilikithibitisha kuwa cha juu kabisa kuwahi kupimwa katika bara hilo. Upole huu wa kadiri, pamoja na ukaribu na Amerika, ndio unaoeleza kwa nini kila aliyetaka kipande cha Antaktiki alianzia hapa, na kwa nini majina yamerundikana hapa kuliko pengine popote katika bara hilo.

Mrundikano huo ulianza mwaka 1820. Tarehe 30 Januari mwaka huo Edward Bransfield, mzaliwa wa Ireland aliyekuwa katika jeshi la majini la Uingereza, aliiona ncha ya rasi na kuiita Trinity Land. Mnamo Novemba mwaka huohuo kijana Nathaniel Palmer wa Stonington, Connecticut, akiwa na umri wa miaka 21 na merikebu ndogo iliyoitwa Hero, alikuwa akitafuta fukwe mpya za sili kwa sababu zile za visiwa vya South Shetland zilikuwa zikimalizwa kwa kasi, naye akaiona nchi ileile. Mwaka 1838 Mfaransa Dumont d'Urville aliipa jina la mfalme wake, Louis-Philippe. Mwaka 1893 Mnorwe Carl Anton Larsen, nahodha wa nyangumi, alishuka na pwani ya mashariki akaacha nyuma yake jina la Mfalme Oscar wa Pili na la Svend Foyn, tajiri wa nyangumi wa Norway. Ukiyapanga majina hayo kwenye karatasi utapata wafalme, mawaziri na wafadhili. Mabaharia wenyewe, waliokufa kwa kiseyeye na kuchuna sili kwa mikono iliyoganda, ni wachache waliopata hata mwamba, na Palmer ana bahati ya pekee katika kundi hilo.

Mtu anaweza kusema kwamba hayo ni ya kawaida, kwani hata sisi tulipewa majina ya namna hiyo. Ni kweli, na uhusiano wenyewe ni wa karibu kuliko unavyodhaniwa. Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London iliyompa Biscoe nishani ya dhahabu kwa safari yake ndiyo iliyowatuma wapelelezi Burton na Speke kupitia Zanzibar, na ndiyo iliyompa nishani Speke baada ya kufika ukingoni mwa ziwa mnamo Agosti 1858 na kuliita Victoria. Tofauti ni kwamba Ziwa lilikuwa na wenyewe. Waganda waliliita Nalubaale, wafanyabiashara wa pwani walilijua kwa jina la Ukerewe, na kwa wakazi wengi wa kandokando lilikuwa nyanza tu, kwa kuwa mtu hahitaji jina refu kwa jambo analoliona kila asubuhi. Jina jipya lilifunika majina yaliyokuwapo. Kwenye rasi ya barafu hapakuwa na jina la kufunikwa. Wote walikuwa wageni na hapakuwa na mwenyeji wa kuwauliza, nao walifanya vilevile walivyofanya kwingineko, jambo linaloonyesha kwamba tabia hii haikuhitaji wenyeji ili ijitokeze. Ilihitaji ramani tupu na afisa mkubwa wa kufurahishwa.

Ubaya ulianza pale majina yalipogeuzwa kuwa hati. Mwaka 1908 Uingereza ilitoa hati ya kifalme iliyotangaza kwamba visiwa kadhaa pamoja na Graham Land, vilivyopo kusini ya latitudo ya 50 kati ya longitudo za 20 na 80 magharibi, ni sehemu ya utawala wake wa Falkland. Mipaka hiyo, ikisomwa kama ilivyoandikwa, ilimeza pia kipande cha Patagonia na Tierra del Fuego, yaani ardhi ya Chile na Ajentina yenye watu, makanisa na kondoo wao. Ilibidi hati irekebishwe mwaka 1917. Sijui mfano bora kuliko huu wa kudai kabla ya kutazama. Chile ilijibu kwa amri ya rais ya Novemba 1940, na Ajentina ikatangaza dai lake miaka hiyohiyo, na madai matatu yakalaliana kama mikeka iliyotandikwa chumba kimoja. Rasi karibu yote imo ndani ya mikeka yote mitatu.

Hapo ndipo majina yalipogeuka kuwa silaha. Kwa Waingereza rasi yote ilikuwa Graham Land, kwa Wamarekani ilikuwa Palmer Peninsula, kwa Wachile ni Tierra de O'Higgins, na kwa Waajentina ni Tierra de San Martín. Mawili haya ya mwisho yana kejeli yake. Bernardo O'Higgins na José de San Martín hawakuwa mahasimu. Walivuka Andes pamoja mwaka 1817 wakaliongoza jeshi moja katika vita vya Chacabuco dhidi ya utawala wa Hispania, na urafiki wao ni miongoni mwa mambo machache ambayo vitabu vya shule vya nchi zote mbili vinakubaliana. Miaka mia moja na ushei baadaye majina yao yakasimamishwa kupingana juu ya barafu ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuiona.

Mnamo Februari 1952, kwenye ghuba iliyoko nchani, kikosi cha Ajentina kilifyatua bunduki ya rashasha juu ya vichwa vya Waingereza waliokuwa wakishusha vifaa kutoka melini. Meli ilikuwa inaitwa John Biscoe. Ghuba ile ilipewa jina na watu wa Nordenskjöld, ambao watatu kati yao walikaa humo majira yote ya baridi ya mwaka 1903 katika kibanda cha mawe wakisubiri kuokolewa, nao wakaiita Ghuba ya Tumaini. Kwa Kiingereza ni Hope Bay, kwa Kihispania ni Bahía Esperanza, na maana ni moja. Hilo ni jina moja ambalo pande zote mbili zilikubaliana, na ndipo risasi zilipofyatuliwa.

Wakati wanasiasa wakigombania nchi, wanajiografia walikuwa bado hawajui ni nchi ya namna gani. Tarehe 20 Desemba 1928 Mwaustralia Hubert Wilkins aliruka kwa ndege kutoka kisiwa cha Deception kuelekea kusini, akiwa na rubani Carl Ben Eielson, na kwa muda wa saa chache aliona pwani ambayo meli zisingeifikia kwa miaka. Kutoka juu aliona mabonde mapana ya barafu yakikata milima kutoka bahari moja hadi nyingine, akahitimisha kwamba ni milango ya bahari iliyoganda. Akayapa majina: Casey Channel, Lurabee Channel, Stefansson Strait. Kwa hesabu yake Graham Land haikuwa sehemu ya bara bali msururu wa visiwa. Safari hiyo ilifadhiliwa kwa sehemu na mwenye magazeti William Randolph Hearst, aliyepata Hearst Land yake, na ghuba moja ikaitwa Mobiloil Inlet kwa heshima ya mafuta ya kulainishia injini. Ghuba hiyo bado ipo kwenye ramani kwa jina hilohilo. Wanaodhani kwamba matangazo ya biashara yalianza kuvamia mandhari katika zama zetu wangeitafuta.

Ramani za miaka sita iliyofuata zilichora visiwa. Kisha, kati ya mwaka 1934 na 1937, msafara mdogo wa Uingereza ulioongozwa na Mwaustralia mwingine, John Rymill, ulikwenda kuyatafuta maji ya Wilkins kwa mbwa, sleji na ndege moja ndogo. Hawakuyapata. Palipochorwa mlango wa bahari walikuta mito ya barafu iliyolala juu sana kuliko usawa wa bahari, na nchi ikaunganika tena na bara. Lakini msafara huohuo, ukishuka kusini, ulifuata mfereji mkubwa wa barafu uliopewa jina la Mfalme George wa Sita, na mwaka 1940 Wamarekani wakathibitisha kwamba mfereji huo unazunguka na kutokea upande wa pili. Nchi ambayo Mrusi Bellingshausen aliiita Nchi ya Aleksander wa Kwanza mwaka 1821, na ambayo kwa karibu miaka 120 ilihesabiwa kuwa sehemu ya bara, ikawa kisiwa chenye kilomita za mraba 49,000 hivi. Wilkins aliona milango ya bahari pasipo na mlango, na wote waliomtangulia hawakuuona ule uliopo.

Ni rahisi kumcheka Wilkins, na waandishi wengi wamefanya hivyo. Mimi nasita. Vipimo vya baadaye vya unene wa barafu na vya umbo la mwamba ulio chini yake vimeonyesha kwamba rasi hii, ikivuliwa vazi lake, si kipande kimoja cha ardhi. Ni mlolongo wa visiwa vya mwamba vilivyotenganishwa na mifereji ambayo vitako vyake viko chini sana ya usawa wa bahari, navyo vimeshikanishwa na barafu iliyokalia chini hadi kwenye mwamba. Wilkins alikosea kuhusu alichokiona, kwani mabonde yale hayakuwa maji. Rymill alikuwa sahihi. Hata hivyo swali lenyewe, kama hii ni nchi moja au visiwa, halina jibu lisilotegemea unachokihesabu kuwa ardhi. Ukihesabu barafu kuwa ardhi ni rasi. Ukihesabu mwamba peke yake ni visiwa. Wanajiografia wameamua kuhesabu barafu, na uamuzi huo ni wa busara kwa kuwa mtu akitembea juu yake halowi, lakini ni uamuzi, si jambo lililokutwa.

Baada ya Mkataba wa Antaktiki kutiwa saini na nchi 12 tarehe 1 Desemba 1959, Afrika Kusini ikiwa pekee kutoka bara letu, madai yote yaliwekwa kwenye hali ya kusimama. Kifungu cha nne hakikuyafuta wala hakikuyatambua, kilisema tu kwamba hakuna litakalofanywa chini ya mkataba litakaloyaongeza au kuyapunguza. Hapo ndipo ilipowezekana kuzungumza juu ya majina bila kila herufi kupimwa na mwanasheria. Kamati ya majina ya Marekani na ile ya Uingereza zikakubaliana mwaka 1964: rasi yote iitwe Rasi ya Antaktiki, sehemu ya kaskazini ibaki na jina la Graham Land, na sehemu ya kusini iitwe Palmer Land, mpaka ukipita karibu na digrii 69, kutoka Cape Jeremy magharibi hadi Cape Agassiz mashariki.

Mgawanyo huo wa ndani haunipendezi, na sababu yangu ni ya kijiografia kabla ya kuwa ya kitu kingine. Palmer mwaka 1820 aliiona ncha ya kaskazini. Jina lake limepelekwa mamia ya kilomita kusini, kwenye nyanda za barafu ambazo merikebu yake isingeweza kuzikaribia, na nchi aliyoiona imeachiwa waziri ambaye hakuwahi kusafiri huko. Ni kama ndugu wawili waliogawana shamba la baba yao na kumpa kila mmoja kipande ambacho mwenzake alikilima, ili tu pasiwe na kelele. Jina la jumla ndilo lililotoka salama. Halimtaji mfalme, jenerali, nahodha wala mafuta ya injini. Linasema umbo na mahali, basi. Wachile na Waajentina, ambao hawakuwamo katika makubaliano yale, hawakuyaacha majina yao rasmi, lakini hata kwao Península Antártica husikika katika mazungumzo na maandishi ya wanasayansi bila mtu kuona amesaliti nchi. Sioni jina jingine ambalo lingeweza kuvuka mipaka yote hiyo.

Tamaa, hata hivyo, haikwisha, ilihamia kwenye vitu vidogo. Picha za angani zilizopigwa na Waingereza kati ya 1955 na 1957 zilifichua maelfu ya vilele, ghuba na mito ya barafu isiyo na jina, na kamati ya London ikaishiwa na mawaziri. Ikaanza kugawa majina kwa mada. Kwenye Kisiwa cha Alexander wakatua watunzi wa muziki, hata leo kuna rasi ya Beethoven na bamba la barafu la Bach. Sehemu nyingine wakapewa waliobuni vifaa vya kusafiria kwenye theluji, na nyingine waganga waliochunguza upofu unaoletwa na mng'ao wake, ambao hao angalau walikuwa na uhusiano na mahali. Bulgaria, iliyounda tume yake ya majina mwaka 1994, imekwisha kutoa zaidi ya majina 1,000, mengi yakiwa ya vijiji na wafalme wake wa kale. Mwaka 2019 Uingereza iliita mito saba ya barafu ya Palmer Land kwa majina ya satelaiti zinazoiangalia dunia, Landsat na Sentinel zikiwamo. Haya ya mwisho nayakubali kwa moyo mweupe zaidi, kwa kuwa satelaiti hizo ndizo zilizoiona barafu ile ikitembea, na Sir James Graham hakuona chochote. Kamati ya kimataifa ya utafiti wa Antaktiki inatunza orodha ya pamoja yenye majina zaidi ya 37,000, na idadi hiyo ni kubwa mno kuliko idadi ya vitu vyenyewe, kwa sababu kila nchi huleta jina lake kwa kilima kilekile.

Kwa sisi tunaoandika Kiswahili kuna swali la nyongeza, nalo ni la neno rasi lenyewe. Neno hili lilitujia kutoka Kiarabu, ambako maana yake ni kichwa, na kwenye pwani yetu limebaki kuwa mahali ambapo nchi inaingiza kichwa baharini: Ras Nungwi kaskazini mwa Unguja, Ras Kigomasha huko Pemba, Ras Mkumbi huko Mafia. Nahodha wa jahazi huizunguka rasi kwa saa chache. Waarabu wenyewe wakitaka kuitaja nchi kubwa iliyozungukwa na bahari pande tatu hawasemi kichwa, wanasema shibhu jazira, yaani kitu kinachofanana na kisiwa, na ukifikiria yaliyompata Wilkins utakubali kwamba lugha yao imeitambua tabia ya mahali hapa kuliko zote. Kiswahili kimeamua kulitandaza neno rasi likafunika yote mawili, ndiyo maana tunasema Rasi ya Tumaini Jema na Rasi ya Korea kwa pumzi moja, ingawa ya kwanza ni ncha ya mwamba na ya pili ni mataifa mawili. Wapo wanaopendelea kuandika peninsula ili kuondoa utata. Mimi ningebaki na rasi. Msomaji akiambiwa kwamba ina urefu wa kilomita 1,300 atajua kwamba haizungushwi kwa jahazi, na neno lililozoeleka midomoni mwa watu lina thamani kuliko la mkopo ambalo litaeleweka darasani tu. Kuhusu Antaktiki, jina hilo nalo lilitungwa na Wagiriki kwa maana ya kilicho kinyume cha Dubu, kundi la nyota za kaskazini, kwa hiyo hata jina lisilo na mwenyewe limetazama kusini likiwa limesimama kaskazini. Hilo tutalivumilia.

Linalonisumbua zaidi ni hali ya vitu vilivyopewa majina. Upande wa mashariki wa rasi barafu ya nchi kavu hushuka baharini na kuendelea kuelea ikiwa bado imeshikamana na pwani, ikafanya mabamba mapana yenye unene wa mamia ya mita. Mabamba ya upande huo yaliitwa Larsen, kwa jina la yule nahodha wa mwaka 1893, na wanasayansi wakayagawa kwa herufi kutoka kaskazini kwenda kusini. Larsen A ilivunjika Januari 1995. Larsen B, ambayo ilikuwa imedumu kwa zaidi ya miaka 10,000, ilisambaratika ndani ya wiki chache mwanzoni mwa mwaka 2002, na kilomita za mraba 3,250 hivi zikageuka vipande vilivyoelea. Larsen C ilipoteza kipande cha kilomita za mraba 5,800 mnamo Julai 2017. Barafu inayoelea ikivunjika haipandishi bahari moja kwa moja, kwa kuwa tayari imo majini, lakini ilikuwa ikiizuia mito ya barafu iliyo nyuma yake kama gogo linavyozuia gari lisishuke mlima, na baada ya Larsen B kuondoka mito hiyo iliongeza mwendo wake mara kadhaa. Hiyo ni barafu ya nchi kavu, na ndiyo inayoongeza kina cha bahari. Ndiyo pia inayoifanya rasi kuwa rasi.

Wataalamu bado wanasema Larsen A na Larsen B. Ramani za kisasa zinaandika majina hayo juu ya rangi ya bluu, wakati mwingine kwa herufi za mlalo zinazoashiria kitu ambacho hakipo tena, na meli za utafiti hupita juu yake.

Kaskazini kidogo ya hapo kuna mahali palipokwenda kinyume. Nordenskjöld, akisafiri kwa sleji mwaka 1903, alipita juu ya barafu kati ya rasi na kisiwa cha James Ross, akatambua kwamba anatembea juu ya njia ya maji, akaiita Mlango wa Prince Gustav kwa jina la mwana wa mfalme wa Uswidi. Kwa zaidi ya miaka 90 hakuna meli iliyoweza kuupita mlango huo kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa sababu ulikuwa umezibwa na bamba la barafu. Bamba hilo lilivunjika mwaka 1995, na sasa kisiwa cha James Ross kinazungukwa kwa meli.